Watumishi wa hospitali wajibu dodoso la afya kazini: mambo ya kupanga mapema

Muuguzi akiliacha dodoso bila kulijaza, mara nyingi si uvivu. Anahofia litasomwa na bosi wake. Kwa hiyo anzia kwenye maswali, matangazo yatafuata.

Tazama ukurasa wa kwanza: idara, kada, jinsia, umri. Katika hospitali ya wilaya kama Kongwa au Mpwapwa, ukishajaza "maabara, mteknolojia, mwanaume, miaka 50 na zaidi", jina la nini tena? Hata mlinzi wa getini anakujua. Bakiza mawili tu. Maabara, famasi na mionzi ziwe kundi moja, na usitoe matokeo ya kundi lenye watu chini ya 10. Sharti hilo liandikwe juu kabisa ya karatasi.

Maswali yasizidi 20. "Je, una msongo?" halikupi kitu cha kufanyia kazi. Uliza: "Katika miezi 12 iliyopita umechomwa na sindano mara ngapi? Ulitoa taarifa? Kama hukutoa, kwa nini?" Hiyo "kwa nini" ndiyo yenye mali. Chini yake andika kwamba aliyechomwa ndani ya saa 72 zilizopita aende kuonwa kwa ajili ya dawa kinga dhidi ya VVU sasa hivi, asisubiri dodoso liishe.

Epuka wiki ya kwanza ya mwezi, wakuu wa idara wanahangaika na ripoti za MTUHA, yaani za mfumo wa taarifa za huduma za afya. Kiungo kwenye kundi la WhatsApp la wodi ni rahisi kutuma, ila mganga mfawidhi yumo humo humo, na bando ni la mtumishi mwenyewe. Karatasi, bahasha na boksi la kufuli katika chumba cha chai hufanya kazi vizuri zaidi. Boksi likikaa mezani kwa metroni, litabaki tupu. Ufunguo awe nao atakayechambua majibu. Tawi la TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, likishirikishwa mapema, minong'ono hupungua.

Makabidhiano ya zamu yatumie kutangaza, dakika mbili basi. Anayetoka usiku anawahi daladala, anayeingia anapokea wagonjwa. Hakuna atakayejaza hapo. Mpe achukue, arudishe zamu inayofuata.

Wafanya usafi wa kampuni hawamo kwenye orodha ya afisa utumishi, ilhali ndio wanaobeba taka zenye sindano. Omba orodha yao kando. Asiyesoma vizuri asomewe na mtu wa nje ya wodi.

Kabla ya kukokotoa asilimia ya waliojibu, ondoa walio likizo na masomoni. Majibu 240 kati ya 400 ni asilimia 60, lakini kama utawala wamejaza karibu wote na wodi ya wazazi robo tu, umepima afya ya ofisi.

Matokeo yabandikwe ndani ya mwezi, karatasi moja: nini kimeonekana, nini kitafanyika, nani anasimamia, lini. Chagua kwanza lisilohitaji bajeti mpya, kwa mfano sefti boksi (boksi la kutupia sindano) kufungwa na kubadilishwa ikifika robo tatu.