Mwache mtoto aanze na duara moja
Kwa mzazi wa Mbeya ambaye mtoto wake anajifundisha mwenyewe kutengeneza picha zinazotembea kwenye kompyuta, nashauri amwache aanze na duara moja ndani ya p5.js, maktaba ya bure (mkusanyo wa amri zilizo tayari) ya lugha ya programu ya JavaScript ambayo, ikishapakuliwa, hufanya kazi hata intaneti inapokatika. Amri zilizomo ndani ya draw, sehemu ya programu inayochora picha, hurudiwa takriban mara 60 kwa sekunde. Akiongeza namba ndogo kwenye nafasi ya duara kila mzunguko, litateleza taratibu kama ukungu wa mlima Loleza. Kisha, bila kuambiwa kitakachotokea, ahamishe amri ya background, inayopaka rangi upya na kufunika picha ya awali, kutoka draw hadi setup, sehemu inayotekelezwa mara moja tu mwanzoni: duara litaacha mkia mrefu kwenye skrini, naye ataona kwamba mwendo ni picha inayofutwa na kuchorwa upya.