Kabla ya Kurekodi Umeme wa Misuli na Macho: Mambo ya Kuzingatia

Anza na adapta, kifaa kidogo kinachounganisha elektrodi (vipande vya chuma vinavyobandikwa ngozini) na amplifaya (kikuza ishara), maana ndiyo inayosahaulika. Amplifaya nyingi za utafiti zimetengenezwa kwa mawimbi ya ubongo, ambako elektrodi zote hulinganishwa na moja ya rejea. Msuli na jicho hupimwa vingine: elektrodi mbili jirani, na kinachorekodiwa ni tofauti ya volti baina yake. Adapta ya baipola (ya elektrodi mbili) huitoa tofauti hiyo, kisha huipeleka kwenye tundu la ziada la amplifaya. Baadhi ya adapta hizi huikuza ishara kabla ya kuipitisha. Soma kijitabu chake ujue ni mara ngapi, uingize namba hiyo kwenye programu. Ikikuza mara 100 na programu haijui, milivolti 1 ya ngozini itasomeka milivolti 100, kiwango ambacho msuli hauwezi kukitoa juu ya ngozi. Umbo la wimbi litabaki zuri kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo. Jifungie elektrodi mkononi, ukunje ngumi, usome ukubwa kabla mshiriki hajafika.

Kagua pia vichujio vilivyoachwa na kazi ya jana. Ishara ya msuli juu ya ngozi huwa kati ya hezi 10 na 500 hivi. Kichujio kinachokata kila kilicho juu ya hezi 70 kitaitupa sehemu kubwa. Chukua sampuli zaidi ya 1000 kwa sekunde. Mimi napendelea 2000.

Ngozi inyolewe, isuguliwe taratibu, ifutwe kwa spiriti. Mapendekezo ya SENIAM, mradi wa Ulaya wa kusanifisha upimaji wa misuli juu ya ngozi, ni milimita 20 kati ya vitovu vya elektrodi, zikifuata mwelekeo wa nyuzi za msuli. Ukinzani kati ya ngozi na elektrodi uwe mdogo na, muhimu zaidi, ulingane pande zote mbili: mvumo wa hezi 50 wa umeme wa ukutani hufutika pale tu unapoingia sawasawa katika nyaya zote mbili. Erthi (elektrodi ya ardhi) iwekwe juu ya mfupa, kwa mfano kifundo cha mkono. Mshiriki akiwa amevaa na kofia ya elektrodi za kupima ubongo, usiongeze erthi ya pili kwa kubahatisha. Fuata maelekezo ya mtengenezaji.

Kwa macho, weka elektrodi chanya kando ya jicho la kulia na hasi kando ya la kushoto, kisha mwambie mshiriki atazame kulia. Mstari unapaswa kupanda, kwa kuwa mbele ya jicho ni chanya kuliko nyuma. Ukishuka, nyaya zimepishana.