Somo: Vipokezi vya kifo, vichore kutoka nje ya seli kwenda ndani

Hamjambo nyote. Mnaosomea uuguzi na maabara hapa Mombasa mmekuwa mkikwama mahali pamoja: mchoro wa vipokezi vya kifo, yaani protini za kwenye utando wa seli zinazopokea amri ya kufa, una mishale tele, mtu hajui aanzie wapi. Chukueni karatasi tuuchore pamoja. Shikeni neno moja tangu sasa: kipokezi chenyewe hakiui. Kinaingiza amri ndani, na seli ndiyo inayoipima. Baadhi ya magonjwa tutakayoyataja yanatokea pale kipimo hicho kinapoharibika.

Hatua ya kwanza. Chora utando wa seli, kisha upitishe kipokezi kiitwacho Fas, kichwa nje, mkia ndani. Mkiani pana kipande cha asidi amino kama 80, nacho ndicho kikoa cha kifo. Jeni ya Fas ilitambuliwa mwaka 1991 na kundi la Shigekazu Nagata kule Osaka. Ndugu zake ni TNFR1, yaani kipokezi cha TNF, na vipokezi viwili vya TRAIL; TNF na TRAIL ni protini zinazoleta amri kutoka nje.

Hatua ya pili. Nje ya utando chora seli-T muuaji, yaani seli ya kinga, aliyebeba ligandi ya Fas, protini inayokishika kipokezi hicho. Hapa ndipo wengi mnapopoteza alama. Jifya moja haliinjiki chungu: ligandi hiyo ina sehemu tatu zilizoshikana, na Fas nazo lazima zikusanyike pamoja ndipo amri ipite. Usichore sehemu moja ya ligandi na Fas moja.

Hatua ya tatu. Mikia ikikaribiana, protini iitwayo FADD huidaka, nayo huita prokaspesi-8, yaani kaspesi-8 ambayo bado haijaamka. Kaspesi ni vimeng'enya vinavyokata protini nyingine. Zimo ndani ya seli siku zote, zimelala. Zikirundikana mahali pamoja huamshana kwa kukatana. Simama hapo uweke duara jekundu, maana hapo ndipo amri inapopimwa. Iko protini iitwayo c-FLIP, inafanana na kaspesi-8 lakini haina makali. Ikijaa kwenye mkusanyiko huo, kaspesi-8 hukosa nafasi na seli inaendelea kuishi. Saratani nyingi hujificha nyuma ya c-FLIP.

Hatua ya nne. Sasa njia inagawanyika. Katika baadhi ya seli za limfu kaspesi-8 huiamsha moja kwa moja kaspesi-3, ile inayokatakata protini za seli, kazi imekwisha. Seli za ini zinahitaji msaada: kaspesi-8 hukata protini ya Bid, kipande chake kinakwenda kwenye mitokondria, protini yao iitwayo saitokromu c inavuja, kaspesi-9 inaamka, ndipo kaspesi-3 ipate nguvu.

Hatua ya tano, ile ninayoipenda kuliko zote. Weka karatasi kando, uangalie slaidi ya ini la mgonjwa wa homa ya ini. Katikati ya seli kubwa za rangi hafifu utaona moja iliyosinyaa, imekolea waridi, imejitenga na jirani zake. Kiini chake kimekuwa kidonge cheusi, au kimeshamumunyuka. Hiyo ni seli iliyokufa kwa apotosisi, yaani kifo cha utaratibu ambacho kaspesi huendesha. Utando wake haukupasuka, kwa hiyo vilivyomo havikumwagika. Na kuna mafuta yaitwayo fosfatidilserini, ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani wa utando. Seli inapokufa hivi huyageuza yakatazama nje, na makrofaji, seli za kinga zinazomeza mabaki, huyatambua na kuimeza. Ndiyo maana mwilini mabilioni ya seli hufa kila siku nasi hatuhisi kitu.

Tuje kwenye maradhi. Mtoto aliyezaliwa na kasoro kwenye jeni ya Fas, jambo lililothibitishwa mwaka 1995, seli zake za limfu hazifi zikishamaliza kazi. Tezi zinavimba miaka nenda miaka rudi, bandama inakua, na kinga inashambulia chembe za damu yake mwenyewe. Upande wa pili ni homa ya ini aina ya B: uharibifu mwingi hauletwi na virusi, huletwa na seli-T zinazoua seli za ini zilizoambukizwa, na ligandi ya Fas ni mojawapo ya silaha zao. Mwaka 1993 panya waliodungwa kingamwili ya kuamsha Fas walikufa baada ya saa chache, maini yameharibika. Ndoto ya kuidunga dawa ya namna hiyo mishipani kutibu saratani ilikwama hapo.

MASWALI

*Mwanachama wa Likoni:* Shikamoo mwalimu. TNF si ndiyo ile ya uvimbe na homa? Mbona leo iko kwenye kifo?

Marahaba mwanangu. TNFR1 hutuma kwanza habari ya kuishi: hukusanya protini za TRADD na RIPK1, huamsha NF-kB, protini inayowasha jeni, nayo huifanya seli itengeneze protini za kujikinga, c-FLIP ikiwemo. Habari hiyo ikizuiwa ndipo kifo hufuata. Na ukikutana na mgonjwa wa baridi yabisi anayetaka kuanzishiwa infliximab, ambayo huzuia TNF, hakikisha amepimwa kifua kikuu kwanza. TNF ndiyo inayosaidia kuvizuia vijidudu vilivyolala mapafuni.

*Mwanachama wa Kisauni:* Seli za CD4, zile za kinga, za mwenye VVU, zote hufa kwa sababu virusi vimeziingia?

La, dadangu. Nyingi zinazokufa hazikuzaa virusi hata kimoja. Baadhi huuawa kupitia Fas, nyingine kwa kifo cha aina nyingine kinachoendeshwa na kaspesi-1, ambacho huleta uvimbe. ARV zikishusha virusi, vifo hivyo vinapungua.

*Mwanachama wa Changamwe:* Basi tukiizuia kaspesi-8, seli si itapona?

Swali zuri sana hili. Mara nyingine inapona, lakini mara nyingine RIPK1 na nduguye RIPK3 hushikana, huiamsha protini ya MLKL, nayo hutoboa utando. Kila kitu kinamwagika na uvimbe unawaka. Vijusi vya panya wasio na kaspesi-8 hufia tumboni. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba ukiwaondolea na RIPK3 pia, wanazaliwa hai. Kwa hiyo kwenye mchoro wako, kutoka lile duara jekundu, ongeza mshale wa tatu unaokwenda MLKL.