Jinsi ya kumpima kocha wa hoki wakati timu inajengwa upya

Mimi kazi yangu ni kuchambua mechi za hoki ya barafu kwa video, na kinachoniuma kila msimu ni kuona kocha anabebeshwa lawama za timu ambayo uongozi wenyewe umeamua kuibomoa ili iijenge upya na vijana. Ukitaka kumpima kwa haki fanya hivi.

Hatua ya 1. Tenganisha ya kocha na ya meneja. Nani acheze dakika ngapi, mfumo, mazoezi, hayo ya kocha. Nani yupo kikosini ni ya meneja. Kwa hiyo wakiuza beki wao bora mwezi wa tatu ili wapate nafasi za drafti (zamu za kuchagua vijana wapya wanaoingia ligi), alafu timu ikafungwa mfululizo, hizo mechi usimwandikie kocha.

Hatua ya 2. Msimamo wa ligi uweke pembeni kwanza. Cheki Montreal Canadiens ya Canada, msimu wa 2021-22 walishika mkia NHL nzima (ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada) kwa pointi 55, na Martin St. Louis alipewa timu Februari 2022 mambo yakiwa yameshaharibika. Misimu iliyofuata wakapata 68, 76, alafu 91 na kuingia mtoano. Mtu aliyekuwa anaangalia jedwali tu angeshamfukuza mapema sana.

Hatua ya 3, na hapa ndo utumie muda mwingi, angalia vijana. Cole Caufield, mshambuliaji kijana wa Montreal, msimu huohuo wa 2021-22 alikuwa na goli 1 kwenye mechi 30 chini ya kocha aliyetangulia, St. Louis alipoingia akafunga 22 kwenye mechi 37, kijana yuleyule, msimu uleule, na timu bado inafungwa. Sasa we fungua video, tafuta dogo aliyepoteza paki (kile kisahani wanachokipiga kwa fimbo) kwenye mstari wa bluu, ule unaotenga eneo la kila timu, wakafungwa, usiangalie goli, angalia zamu yake inayofuata: kocha kamrudisha barafuni au kamkalisha benchi mpaka kipindi kiishe? Msaidizi kamsogelea na kompyuta ya mkononi kumuonyesha alipokosea, au kakaa peke yake? Rudia kwa mechi kadhaa maana usiku mmoja hautoshi, utaona kama pale kuna kufundisha au kuna kuogopa kufungwa tu.

Hatua ya 4. Toa bahati. Wakicheza watano kwa watano, chukua asilimia ya mashuti yao yanayoingia ujumlishe na asilimia ya mashuti ambayo kipa wao anaokoa, kawaida inazunguka 100. Ikishuka mpaka 97 jua wanakosa bahati au kipa ni dhaifu, na kipa kasajiliwa na meneja.

Hatua ya 5. Usimkingie kifua kupita kiasi pia, maana kujenga upya sio ruhusa ya kulala. Kama mpinzani anaachwa huru mbele ya goli kila wiki, adhabu ni za uvivu zilezile za kuvuta mtu kwa fimbo, na wakiwa na mtu mmoja zaidi kwa sababu mpinzani kaadhibiwa wanacheza kitu kilekile ambacho kila timu imeshakisoma, hapo ni yeye. Gawa mechi za msimu mzima kwenye mafungu ya 20 hivi, fungu la mwisho ulinganishe na la kwanza huku orodha ya majeruhi na waliouzwa iko mezani, ndo utoe hukumu yako.