Taa za ziada zenye dima: usidandie waya wa pakingi

Ukifunga mkanda wa LED ndani ya gari, usichubue waya wa taa za pakingi ukadandia hapo, hata fundi akikwambia "haina shida". Waya ule na fyuzi yake vilipimiwa mzigo wa taa za kiwandani tu.

Piga hesabu kwanza: wati gawanya kwa volti. Mkanda wa wati 36 kwenye volti 12 unakula ampea 3, hivyo fyuzi ya ampea 5 inatosha. Vuta waya mpya toka betri, fyuzi ikae jirani kabisa na betri, maana kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Waya wa pakingi uamshe rilei tu, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa wa waya mpya kwenda kwenye taa. Koili ya rilei, yaani waya uliosokotwa ndani yake unaoivuta swichi, hula kama ampea 0.2.

Dima, kifaa cha kupunguza mwanga, ikae baada ya rilei, kuelekea taa. Nyingi hupunguza mwanga kwa kukata na kurudisha umeme haraka mno, na ukiiweka upande wa koili, rilei italia tiktiktik mpaka ife.

Fyuzi ikikatika usipandishe namba. Kagua waya unapopenya tundu la bodi. Bila raba, bati hulikata ganda.