Somo: Kupima pembe za viungo vya mguu wakati wa kutembea kwa vihisi vya kuvaa

Nimeamua kuliandika somo hili mara moja na kwa ukamilifu, kwa sababu swali la kwa nini goti la mtu mwenye afya linaonekana kwenye grafu kana kwamba linapinda kuelekea pembeni limeulizwa mno, na jibu lake halitoshi kuandikwa kwa mistari miwili. Kihisi hakijui goti liko wapi. Kinachopimwa ni mzunguko wa kisanduku cha kihisi chenyewe, na kazi kubwa ya mpimaji ni kukihusisha kisanduku hicho na mfupa ulio chini ya ngozi.

Kihisi ninachokizungumzia kina jairoskopu, ambayo hupima kasi ya mzunguko, kina kipima mchapuko, ambacho hupima mishtuko ya mwendo pamoja na mvutano wa dunia, na mara nyingi kina magnetomita, ambayo hufanya kazi kama dira. Kila kiungo kinahitaji vihisi viwili, kimoja juu yake na kingine chini yake: paja na muundi kwa ajili ya goti, kiuno na paja kwa ajili ya nyonga, muundi na wayo kwa ajili ya kifundo cha mguu.

Hatua ya 1. Chaji vihisi vyote na ufute rekodi za zamani.

Hatua ya 2. Rekodi angalau mara 100 kwa sekunde. Jairoskopu ipe upeo wa nyuzi 2000 kwa sekunde, na kipima mchapuko cha wayo kipe upeo wa g 16 (mara 16 ya mvutano wa dunia), kwani kisigino kinapogonga sakafu upeo mdogo hukata vilele vya rekodi.

Hatua ya 3. Viache vihisi juu ya meza kwa dakika moja bila mtu kuvigusa. Wastani wa jairoskopu katika dakika hiyo ndio kosa lake la sifuri, nao utaondolewa katika vipimo vyote vitakavyofuata.

Hatua ya 4. Oanisha saa za vihisi. Mpishano wa sekunde 0.02 unaonekana mdogo, lakini mguu ukiwa hewani goti linaweza kujinyoosha kwa kasi ya nyuzi 350 kwa sekunde, na kwa hiyo mpishano huo peke yake huzaa kosa la nyuzi 7. Kama vifaa vyako havijioanishi vyenyewe, vifunge vyote kwenye ubao mmoja na uuzungushe kwa nguvu mara tatu, kabla ya kupima na baada ya kupima, kwa sababu saa mbili hazitembei sawasawa na alama ya mwanzo pekee haitoshi.

Hatua ya 5. Vifunge mwilini. Kwenye muundi tumia uso bapa wa mfupa upande wa ndani, ambapo nyama ni kidogo. Kwenye paja tumia upande wa nje, mbali na misuli mikubwa ya mbele. Kwenye kiuno weka nyuma, juu ya mfupa wa sakramu, ulio mwishoni mwa uti wa mgongo kati ya nyonga mbili. Kwenye wayo weka juu ya kiatu. Mkanda ukilegea, utapima mtikisiko wa nyama badala ya mwendo wa mfupa.

Hatua ya 6. Husisha kihisi na mfupa. Hapa ndipo vipimo vingi huharibikia, nami naomba aya hizi zisomwe polepole.

Mpimwa asimame wima na kutulia kwa sekunde 10. Katika utulivu huo kipima mchapuko kinaonyesha uelekeo wa mvutano wa dunia, nasi tunapata mhimili wa wima wa kila mfupa. Kusimama peke yake hakutoshi, kwa sababu hakutuambii mbele ya goti ni upande gani. Kwa hiyo mpimwa akae kitini, paja litulie, kisha akunje na kunyoosha goti mara kadhaa bila haraka. Uelekeo ambao jairoskopu ya muundi inazunguka zaidi ya pande nyingine zote ndio mhimili wa kukunja goti. Kwa paja, asimame tena na ainue goti mbele na kulishusha, bila kulipeleka nje.

Ukikosea mhimili huu kwa nyuzi 10, goti linapojikunja nyuzi 60 sehemu ya mkunjo huo itavujia kwenye mhimili wa pembeni, na grafu itakuonyesha zaidi ya nyuzi 8 za kupinda pembeni ambazo mpimwa hana. Hilo ndilo jibu la swali lililosababisha somo hili.

Kuna maonyo matatu. Kwanza, hesabu ya kutafuta mhimili haijui kulia wala kushoto, na inaweza kukupa mhimili uliogeuka. Hakikisha kuwa kukunja goti kunatoa alama ileile, chanya au hasi, katika miguu yote miwili. Pili, mtu ambaye goti lake halinyooki kabisa asihesabiwe kuwa yuko sifuri anaposimama. Pima pembe yake kwa kipimapembe cha mkono na uiingize, la sivyo utaufuta ulemavu uleule uliokuja kuupima. Tatu, kihisi kikisogea baada ya hatua hii, hata kwa upana wa kidole, rudia hatua yote.

Hatua ya 7. Mpimwa atembee kwa mwendo wake wa kawaida. Hatua chache za mwanzo na za mwisho zitupwe, kwa kuwa ndizo za kuanza mwendo na kusimama.

Hatua ya 8. Unganisha jairoskopu na kipima mchapuko kwa kichujio, yaani hesabu inayochanganya vipimo vyao, upate mkao wa kila mfupa, kisha utafute mkao wa muundi ukilinganishwa na paja. Kwa goti fuata mpangilio wa mihimili wa watafiti Grood na Suntay wa mwaka 1983, ili matokeo yako yaweze kulinganishwa na ya wengine.

Hatua ya 9. Kata rekodi kuanzia kisigino kinapogusa sakafu hadi kisigino kilekile kinapogusa tena. Kwa mtu mzima mwenye afya goti hujikunja takribani nyuzi 15 hadi 20 linapopokea uzito, kisha karibu nyuzi 60 mguu ukiwa hewani. Ukiona tofauti kubwa, rudi hatua ya 6 kabla ya kumshuku mpimwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nimefunga kihisi kimoja juu ya goti lakini sipati pembe. Je, kihisi ni kibovu?

Jibu: Si kibovu. Tafadhali soma aya ya pili ya somo.

Swali: Samahani mwalimu, kama jairoskopu inapima kasi ya mzunguko, kwa nini tusijumlishe kasi hiyo tu tukapata pembe? Kipima mchapuko ni cha nini?

Jibu: Swali zuri sana, ndugu. Kujumlisha kunawezekana, na kwa sekunde chache hutoa pembe nzuri. Tatizo ni kwamba kosa la sifuri haliishi kabisa: likibaki nyuzi 0.1 tu kwa sekunde, baada ya dakika moja pembe imepotea kwa nyuzi 6. Kipima mchapuko hakipotei hivyo, kwa sababu mvutano wa dunia haubadiliki, ila mtu anapotembea huchanganya mvutano na mishtuko ya mwendo. Kichujio rahisi huiamini jairoskopu kwa muda mfupi na kipima mchapuko kwa muda mrefu. Wengi huanza na uzito wa 0.98 kwa jairoskopu na 0.02 kwa kipima mchapuko katika kila kipimo. Andika kichujio hicho kwa mkono wako kabla ya kutumia vichujio vilivyo tayari, kama cha Mahony au cha Madgwick, utakielewa zaidi.

Swali: Mimi nikipima nje matokeo ni sawa, lakini ndani ya jengo goti linajizungusha lenyewe polepole hata mtu akisimama.

Jibu: Hiyo ni magnetomita inayodanganywa na chuma cha sakafuni, na kihisi kilicho karibu zaidi na sakafu hudanganyika zaidi. Izime. Baada ya hapo uelekeo wa kushoto na kulia utakosa kielekezi, lakini goti lenyewe linakusaidia, kwa kuwa hufanya kazi karibu kama bawaba: mihimili ya kukunja ya paja na muundi inapaswa kuelekea upande mmoja, nawe unaweza kurekebisha upotevu kwa sharti hilo. Kwa nyonga sharti hilo halifai, maana nyonga huzunguka pande zote.

Swali: Kuna programu zinazofanya haya yote zenyewe. Kwa nini tujisumbue?

Jibu: Sijamkataza mtu kutumia programu. Nayo itakutaka usimame na utembee ili ihusishe vihisi na mifupa, na ukiifanyia hatua hiyo kwa haraka itakupa grafu safi ya kosa lako. Hatua ya 6 hairukwi kwa kubonyeza kitufe.

Swali: Mkanda wa paja unateleza kwa jasho. Mnafanyaje?

Jibu: Kausha ngozi, zungusha kwanza bandeji laini inayojishika yenyewe, kisha weka kihisi na uzungushe tena juu yake. Usikaze hadi mpimwa abadili mwendo.

Mchangiaji mwingine: Naongezea kwamba chora duara kwa kalamu kuzunguka kihisi. Kikisogea, duara litakuonyesha.

Jibu: Nakubali, nami nitauongeza ushauri huo katika hatua ya 5. Vilevile rekodi video ya upande mmoja hata kwa simu, ili grafu ikikushangaza uweze kutazama mguu ulifanya nini hasa katika sekunde hiyo.