Jinsi ya kuandika maisha ya rubani wa ATA aliyetoka familia ya wafanyakazi

Wengi wakiandika kuhusu marubani wa ATA (Air Transport Auxiliary), wale marubani wa kiraia, si wanajeshi, waliokuwa Uingereza wanatoa ndege viwandani na kuzipeleka kambi za jeshi wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, wanaanzia kwenye Spitfire, ile ndege maarufu ya kivita. We usianzie huko. Kama unayemwandika ni mtoto wa fundi au mchimba makaa anza na hela, yaani alijifunzaje urubani wakati saa moja tu ya masomo ilikuwa inakula sehemu kubwa ya mshahara wa wiki?

Hapo utakutana na Civil Air Guard, mpango wa 1938 ambao serikali ilichangia gharama kwenye vilabu vya urubani, na hata karani akaweza kusogea. Angalia pia aliingia ATA mwaka gani. Wale wanawake 8 wa kwanza walioanza kwenye uwanja wa ndege wa Hatfield Januari 1940 chini ya Pauline Gower, mkuu wa kitengo cha wanawake, walikuwa tayari na masaa mengi angani, na masaa ni pesa, lakini baadaye vita ikiwa imepamba moto ATA ikaanza kufundisha watu ambao hawajawahi kushika usukani wa ndege, so mwaka wa kuingia unakuambia mengi kuhusu nyumbani kwao.

Karatasi sasa. Tafuta kadi yake ya Royal Aero Club, klabu iliyokuwa inatoa vyeti vya urubani, mara nyingi ina kazi yake na picha, afu ilinganishe na rejista ya watu ya Uingereza ya tarehe 29 Septemba 1939, nayo inataja kazi. Makumbusho ya Maidenhead Heritage Centre huko Uingereza wana hifadhi ya ATA, waandikie.

Ukibahatika kupata logibuku yake, yaani daftari la safari zake za angani, tulia nayo kabisa. Kila mstari una tarehe, aina ya ndege, namba yake, katoka wapi, kaenda wapi, dakika ngapi. Chagua siku moja tu uiandike kwa karibu: asubuhi anapewa karatasi ya kazi, ndege yenyewe hajawahi kuirusha, anatoa mfukoni kile kijitabu cha Ferry Pilots Notes anafungua ukurasa wa ndege hiyo, anasoma spidi ya kupaa na ya kutua, anaondoka. Redio hatumii, anafuata reli na mito kwa macho na ramani iko gotini, wingu likishuka anatafuta uwanja wa karibu. Jioni ndege ya Avro Anson inapita kuwakusanya wenzake waliotawanyika. Siku hiyo moja ikiandikwa vizuri inazidi kurasa kumi za sifa, naamini hivyo kabisa.

Kukiwa na pengo la wiki mbili kwenye logibuku usilijaze kwa kubuni, inaweza kuwa hali ya hewa, ugonjwa au likizo.

Kama ni mwanamke usiruke suala la mshahara, walilipwa pungufu kuliko wanaume hadi 1943 ndio wakalingana, na kwa binti aliyekuwa anatuma hela nyumbani hiyo tofauti ilikuwa kitu kikubwa.

ATA ilifungwa Novemba 1945. Usiishie hapo jamani, fuata alirudi kufanya nini. Cheti cha ndoa cha Uingereza cha miaka hiyo kina sehemu ya kazi ya bwana, bibi na baba zao, kitafute, na kama kwenye kazi ya bibi harusi pameachwa wazi, andika hivyo hivyo kwamba pameachwa wazi.